Mbwa wa Mama Ndaya na Kofia Tano za Mgodi

Kasongo na Trésor wamepata kazi ya kutunza mbwa wanne wa mfanyabiashara mmoja hapa Likasi. Wiki iliyopita walikuja kuniuliza mbwa anakula nini. Nilianza kuwajibu kwa mdomo, jioni ikaisha sijafika hata kwenye maji ya kunywa. Nikawaambia waende, nitawaandikia. Kwa hiyo haya ni yao kwanza, na ya yeyote atakayepewa kamba na bakuli akaambiwa "chunga hawa". Nitaandika nilichofundishwa, na nitaandika pia mahali nilipokiacha, kwa sababu aliyeumia kwa kosa langu hakuwa mimi.

Watu hucheka wakisikia nimestaafu na miaka arobaini na minane. Kazi ndiyo iliyostaafu kwanza. Mimi niliifuata tu.

Niliingia shenil, yaani nyumba ya mbwa ya kampuni ya shaba, nikiwa nimemaliza sekondari na nimevaa shati jeupe. Nilidhani nimeitwa kazi ya kuandika. Ilikuwa juu ya mtaa wa wakubwa, vyumba ishirini na vinne vya matofali, kila kimoja na ua wake mdogo wa waya. Wakubwa wa kampuni, wageni na wenyeji, waliacha mbwa wao pale walipokwenda likizo. Aliyenipokea alikuwa Papa Kilufya, mtu mfupi ambaye zamani alikuwa mpishi wa nyumba za watu, na mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko mkono wake. Hakuniuliza jina. Alichota kwenye pipa lililokatwa nusu, akaninyooshea mwiko.

"Onja."

"Papa, hiki si chakula cha mbwa?"

"Njo maana naambia weye onja. Kama weye unashindwa kukula, juu ya nini imbwa akule?"

Nilionja. Kulikuwa na unga wa mahindi, mapafu ya ng'ombe na boga. Nikasema kimepungua chumvi, ili nionekane najua kitu.

"Muzuri," akasema. "Siku nitakuta iko na chumvi, njo siku nitakufukuza."

Basi anzeni hapo. Chumvi ni kidogo sana au hapana kabisa. Kitunguu hapana, hata kile cha mabaki ya mchuzi ambacho mpishi wa patron wenu atawaletea kwa huruma. Unga wa mahindi uive mpaka usahau kwamba ulikuwa unga, kwa sababu ukiwa mbichi katikati, mbwa atajaa hewa na nyinyi mtajua kwa pua. Nyama ikiwa kidogo, igawanywe ndani ya chungu chote, asipewe mmoja kipande kikubwa mbele ya wenzake. Mfupa ukishapikwa hukatika kama kioo, hasa wa kuku, kwa hiyo msimpe hata akiwaangalia kwa macho yale. Chakula kipoe. Papa Kilufya alidondosha kidogo nyuma ya kiganja chake, kama mama anayepima maziwa ya mtoto, na mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Mke wangu alinikuta siku moja nikipima hivyo mchuzi wa wageni.

Asubuhi na jioni, saa zilezile. Maji yamwagwe na kuwekwa mapya hata kama bakuli limejaa. Mbwa wa kuletwa asibadilishiwe chakula siku moja. Mpe cha kwao, ongeza chetu kidogo kidogo kwa wiki nzima. Nilijifunza hili kwa kufagia vyumba vya walioharisha.

Hayo ni ya tumbo, na mtu yeyote mwenye akili angeyafikia mwenyewe. Jambo la Papa Kilufya lilikuwa jingine. Kwenye kona ya ua alikuwa na kofia tano za mgodi, zile ngumu, zilizochakaa. Kila asubuhi, baada ya chungu, alizipindua chini juu, akaweka kipande cha samaki mkavu chini ya moja, akawafungulia mbwa mmoja mmoja. Mbwa alipita kofia ya kwanza, ya pili, akarudi, akasukuma kwa pua. Akipata, Papa Kilufya alimsifu kwa Kifaransa, lugha aliyoiweka kwa ajili ya mbwa na waziri. Wakishazoea kofia, alificha kipande ndani ya gunia lililofungwa, ndani ya tairi, nyuma ya kuni.

Mimi niliona ni mchezo wa mzee. Siku ya tatu nilimuuliza kama hatupotezi wakati.

"Sikia," akasema. "Imbwa iko na tumbo, na iko na pua. Weye unalisha tumbo mara mbili. Pua unailisha saa ngapi?"

Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye matembezi. Tulitoka na mbwa watatu watatu, kila siku njia tofauti, na nilipovuta kamba kwa sababu mbwa amesimama dakika nzima kwenye mguu wa nguzo, alinipiga kwa maneno: "Muache! Hapo iko nasikia radio-trottoir yake. Nani alipita, nani iko mugonjwa, nani ameoa. Weye ukiwa ku bar, muntu akuvute vile, utakubali?"

Nimewahi kuona kwa macho yangu. Mke wa injinia mmoja alituletea mbwa mnene mweupe aliyelishwa biskuti, hata kupanda gari alibebwa. Alikuwa analia, anajitafuna mkia, na barua aliyokuja nayo ilisema ni mgonjwa wa moyo. Tulimpunguzia chakula, lakini kilichomponya ni kofia. Baada ya mwezi alikuwa anaruka kama mwana-mbuzi. Mama aliporudi hakumtambua, akatuuliza kwa ukali mbwa wake yuko wapi.

Papa Kilufya alipostaafu, aliniachia mwiko na zile kofia tano. Alirudi kwake Kikula, na mimi nikabaki, miaka mingi mizuri ambayo sina la kusimulia juu yake, kwa sababu mbwa wenye afya hawana hadithi.

Kisha ukaja ule wakati ambao nyinyi mlikuwa watoto lakini mnaukumbuka. Baada ya uporaji wa askari, wageni waliondoka ndani ya siku chache, wengine na sanduku moja. Waliokuwa wameacha mbwa hawakurudi kuwachukua. Mashine moja ya kampuni ilinyamaza, halafu nyingine. Gari la nyama likaacha kuja. Mbwa wengine niliwapeleka kwa watu waliowataka, wakabaki tisa. Nilizunguka machinjioni kuomba damu na matumbo, nilichanganya pumba, nilichemsha maganda ya boga. Nyumbani kwangu tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, mchana, na baada ya hapo niliwaambia watoto walale chini wasicheze, ili njaa isirudi mapema. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonipotosha.

Mama Ndaya alikuwa jirani yetu, mshonaji. Mume wake alikuwa amekufa zamani, watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na alikuwa akiishi na cherehani yake na mbwa wa kahawia, sikio moja limelala, aitwaye Pilote. Mbwa wa kawaida wa mtaani, asiye na karatasi wala ukoo. Lakini sijaona mbwa aliyetunzwa vizuri kuliko yule, na shenil yangu naihesabu. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Ndaya alichukua kipande cha ukoko wa bukari, akakifunga katika kitambaa cha mabaki ya kushona, akakificha uani: chini ya jiwe, nyuma ya nguzo ya kamba ya nguo. Halafu alisema, "Pilote, fanya kazi." Hakuna aliyemfundisha. Siku niliyomweleza kuhusu kofia za Papa Kilufya alicheka: "Kumbe bale wazungu nabo banalipa muntu kwa ile minye nafanyaka bure?"

Mwaka ule watu waliozaliwa hapahapa waliambiwa kwamba kwao ni Kasai, mkoa wa babu zao, na waondoke. Mnajua yaliyotokea, sitayarudia. Walijaa stesheni wakingoja treni, familia juu ya familia, wiki baada ya wiki, na treni ilikuja ilipotaka. Asubuhi moja Mama Ndaya alikuja shenil na Pilote kwenye utepe wa kupimia nguo.

"Baba Jeanine," akaniambia, kwa jina la binti yangu wa kwanza, "minye nakuletea huyu. Kule ku gare hata mutoto anakosa fasi ya kulala, sasa imbwa nitamuweka wapi?"

"Treni ni ya siku gani, mama?"

"Nani anajua? Banasema turudie kwetu. Minye ile Kasai naionaka tu mu carte, ile ramani ya ku masomo."

Alijaribu kucheka. Nikampokea utepe, akanipokonya, akaukunja akautia mfukoni; ulikuwa wa kazi. Nikamfunga Pilote kwa kamba yangu.

"Anakula kidogo, hana matata," akasema. "Lakini atafute. Usimunyime kutafuta. Na asubuhi ukimutembeza, pita naye ku gare. Nimuone tu, basi. Siombi kingine."

"Nitapita, mama. Kesho kutwa."

"Weye unajua imbwa. Sina na woga."

Kutoka shenil mpaka stesheni ni mwendo wa nusu saa.

Sikwenda kesho kutwa. Wiki ile unga ulipungua tena, na nikafanya hesabu niliyoifanya kwa watoto wangu: mwenye njaa asitembee. Mbwa akitembea anachoma chakula, akitafuta anachoma chakula. Nikafunga milango. Matembezi nikayaacha, kofia nikazirundika kwenye kona. Nilijiona mwenye busara. Nilifikiri ninawaongezea siku.

Nitasema na sehemu nyingine, kwa sababu nimeahidi. Kupita mjini mchana na mbwa wa Mama Ndaya, kwenda kusimama kati ya wale watu, mbele ya macho ya kila mtu, nilikuwa naogopa. Jirani mmoja alikuwa ameshaniuliza, "Weye nawe, unasaidia bale?" kwa sauti ambayo si ya swali. Kwa hiyo chakula kilikuwa sababu, na kilikuwa pia pazia. Kila asubuhi nilisema kesho. Treni haina siku, nilijiambia, bado yupo.

Ndani ya wiki mbili wale mbwa walibadilika. Mmoja alizunguka chumba chake mpaka akachora duara sakafuni. Mwingine alilamba mguu mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Wawili ndugu, waliokua pamoja, walishikana shingo na nikawatenganisha kwa ndoo za maji. Na Pilote, ambaye alikuwa na njaa, mbavu zinahesabika, alianza kuacha chakula. Alinusa bakuli, akageuka, akalala uso wake ukutani. Nilimchunguza meno. Nikaangalia kinyesi, nikatafuta minyoo. Nilikaa naye nikimlisha kwa kidole, akalamba kwa heshima tu, kama mgeni aliyeshiba.

Wiki ya tano alikuja Papa Kilufya, kwa miguu kutoka Kikula, na fimbo. Alisema amekuja kusalimia. Alikuwa amekonda, koti lake lilikuwa la mtu mwingine aliyekuwa yeye. Alipita mbele ya vyumba kumi, akichungulia kila kimoja. Kisha akafika kwenye kona.

"Hizi kaske nazo," akasema, akigonga kofia kwa fimbo, "ziko na retraite, zimestaafu?"

"Papa, chakula ni kidogo. Nimewapumzisha."

"Umewapumzisha." Alilichukua lile neno polepole. "Weye ulisoma, minye sikusoma. Ile chakula kidogo, unaiweka wapi?"

"Kwenye bakuli."

"Na inaisha saa ngapi?"

"Mara moja. Wanameza."

"Halafu siku yote banaangaria ukuta, banawaza njaa. Ile kidogo, uigawanye mu kaske, mu gunia, mu majani. Atakula saa nzima. Hatashiba, lakini atakuwa na kazi." Akanigonga kifua kwa kichwa cha fimbo. "Wakati byakula biko mingi, kila muntu anajua kulisha imbwa. Minye nilikufundisha kazi juu ya siku kama hii, na weye njo leo umeiacha?"

Alichukua mwiko wake wa zamani ukutani, akaonja chungu, akatikisa kichwa kwamba kinafaa, akakaa kwenye jiwe. Nilimpa bakuli moja naye akala. Alifuta bakuli kwa kidole.

Akaniuliza yule wa kahawia ni wa nani. Nikamwambia, na nikamwambia alichoomba Mama Ndaya. Papa Kilufya hakupaza sauti. Alisema tu, "Mufungulie."

Nilimfunga Pilote kamba nikatoka naye. Kwenye lango alisimama kama aliyesahau dunia ni kubwa kiasi gani. Alinusa nguzo ya kwanza kwa muda mrefu na sikumvuta. Kisha mkia ukapanda. Nilikusudia kumpeleka kwa njia ya shule, lakini yeye hakuniuliza. Alishuka mtaa wa maduka, akakata kwenye uwanja, pua chini, kamba imekaza hadi mkono wangu ukauma, na nikaelewa tunakwenda wapi. Nilianza kukimbia naye. Watu walitutazama, na hakuna aliyesema kitu. Wiki tano niliogopa macho yale.

Stesheni ilikuwa tupu.

Nasema tupu, lakini kulikuwa na majivu, mafiga, vipande vya plastiki, kandambili ya mtoto. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia.

"Mama, watu wako wapi?"

"Treni ilikuja jana. Balienda bote."

"Mama mmoja mshonaji, Ndaya, alikuwa na cherehani..."

"Ule wa ku poteau?" Alinyoosha ufagio kuelekea nguzo ya mwisho, inayotazama mji. "Alikuwaka anakaa pale. Kila asubuhi anaangaria njia. Benzake banamucheka, banamuuliza, 'Uko unangoya nani, bwana?' Anajibu, 'Nangoya imbwa.'" Akamtazama Pilote, akanitazama mimi. Ufagio ukasimama. "Ni huyu?"

Pilote alikuwa ameshafika. Alizunguka mafiga, akanusa ardhi mahali palipolala mkeka, akarudi, akaenda kwenye nguzo. Nyuma ya nguzo kulikuwa na ufa kati ya saruji na chuma. Aliingiza pua, akakwaruza, akatoa kitambaa kidogo chenye maua ya bluu. Ndani yake kulikuwa na ukoko, umekauka kama mti.

"Kila asubuhi anauficha pale," mwanamke alisema. "Magaribi anautosha mule ndani, anakula. Jana hakuutosha."

Pilote alikula ule ukoko wote. Alikula polepole, amelala chini, kipande kikiwa kati ya miguu yake ya mbele, na aliporudi shenil alikula hata chakula cha bakuli lake.

Siku iliyofuata nilipindua kofia zote tano. Kila mbwa alitembea, hata siku ambazo nusu ya chungu ilikuwa maji. Kati ya wale tisa hakufa hata mmoja kwa njaa, na wote walipata watu. Shenil ilifungwa. Kampuni ilinipa kazi hapa na pale, mpaka ikaja barua ya kustaafu. Mimi si mtu wa kukaa. Nilienda Kakanda, nikaenda Kakontwe kwenye machimbo ya mawe, nikarudi, na Pilote alikimbia kando ya baisikeli yangu miaka yote hiyo. Kila mji mpya nilimficha ukoko. Likasi, kila tulipokuwa Likasi, asubuhi alinipeleka kwenye ile nguzo. Alitazama ndani ya ufa. Nilijifunza kutangulia kuweka kitu, halafu nikaacha, kwa sababu alikinusa, akanitazama, na hakukila. Harufu ya mkono haikuwa ile.

Alikufa mvua zilizopita, mzee, meno yakiwa yamebaki machache, amelala juani.

Mama Ndaya alituma barua miaka miwili iliyopita kwa dereva wa lori. Yuko Mwene-Ditu, anashona. Aliniuliza kama Pilote anakula. Nilimjibu anakula, manyoya yake ni mazuri, anatembea kila siku. Yote yalikuwa kweli. Hakuniuliza kwa nini sikupita, nami sikumwambia. Baadaye nilianza barua nyingine mara nne.

Kasongo, Trésor, dereva anaondoka Alhamisi. Mtanakili karatasi hizi kwa mwandiko wenu, mbaki na nakala. Hizi zangu nampa yeye. Kesho asubuhi, kabla hamjawasha moto wa chungu, wafungulieni wale wanne wanuse njia.

Na wewe, Mama Ndaya, ukifika ukurasa huu: alifika kwenye nguzo yako siku moja baada ya treni. Ule ukoko aliukuta, akaula wote. Kitambaa cha maua ya bluu nimekiweka ndani ya bahasha. Aliyekuwa na ufunguo wa chumba chake ni mimi.